Balbu Haili Mkondo

Jumatatu, 4 Machi
Muhula umefunguliwa na mvua. Bati la maabara limepiga kelele mpaka nikafundisha dakika ishirini za kwanza kwa chaki tupu, mdomo nimeufunga. Kidato cha pili wako arobaini na wanne, viti ni thelathini na nane. Mama Maabara, mtunza vifaa na funguo, ametuazimia mabenchi mawili kutoka darasa la ushonaji. "Mwaka huu wamekuja wengi, mwalimu, na maswali yao," ameniambia. Nikamjibu kwamba maswali nitayapunguza mimi.

Alhamisi, 7 Machi
Nimewauliza swali ninaloliuliza kila mwaka. Mkondo wa umeme ukitoka kwenye betri ukapita kwenye balbu, upande wa pili unatoka sawa na ulivyoingia, au umepungua? Mikono arobaini na mitatu ikasema umepungua. Wa arobaini na nne alikuwa amesinzia.

"Balbu imekula," alisema kijana mmoja wa nyuma ambaye wenzake wanamwita Spika kwa ukubwa wa sauti.

Nikasema balbu haili mkondo. Msichana wa benchi la mbele akanyoosha mkono. Baba yake ni fundi redio, ana kibanda nyuma ya soko, kwa hiyo anaitwa Binti Fundi. "Mwalimu, kama haili, mbona tunasema pasi inakula umeme? Na betri ikiisha, kinakuwa kimeisha nini?"

Nimemwambia atajionea maabara wiki ijayo. Swali lenyewe ni zuri, ila mimi nimelisikia miaka kumi na minne na limenichosha.

Jumanne, 12 Machi
Nguo hazikauki. Nimesahihisha madaftari ya kidato cha nne, yote.

Alhamisi, 14 Machi
Nitaliandika la leo kama lilivyokuwa, maana nikilingoja kesho nitaanza kulipamba.

Mkaguzi alikuja bila taarifa akakaa nyuma na daftari lake. Tulikuwa na jaribio lile lile la kila mwaka: betri, balbu, na amita mbili za kupimia mkondo, moja kabla ya balbu na nyingine baada yake. Namba zikiwa sawa, somo limekwisha. Mabenchi matano yalipata sawa, au karibu na sawa.

Binti Fundi akasimama. "Mwalimu, kabla ya balbu ni nukta tatu sifuri. Baada ya balbu ni nukta mbili sita. Imekula."

Mkaguzi akainua kichwa. Nikaenda kwenye benchi lao, na kabla sijafika nikaona namba iliyoandikwa kwa rangi nyeupe ubavuni mwa amita yao ya pili. Nne.

Amita namba nne niliiangusha mimi, Oktoba iliyopita. Nilikuwa nimeibeba mkono mmoja, mkono mwingine una simu. Tangu siku hiyo sindano yake husoma pungufu. Kifaa kikiharibika kuna fomu ya kujaza, maelezo ya kuandika na sahihi ya mkuu wa shule. Niliirudisha kwenye boksi lake, nikafunga kabati.

Kwa hiyo nilijua. Nilipokuwa nimesimama pale, nilijua kabisa.

"Soma tena," nikamwambia.

"Nimesoma mara tatu, mwalimu."

"Basi soma ya nne, na safari hii utumie macho."

Darasa likacheka. Akainama, akasoma. "Nukta mbili sita." Sauti ilikuwa imeshuka.

"Tatizo lako, binti, macho yako yanaona yale uliyotoka nayo kibandani kwa baba yako. Futa. Andika tatu sifuri pande zote mbili."

Alinitazama kidogo, kama mtu anayesubiri mwenzake amalize utani. Mimi sikuwa na cha kumalizia. Akachukua kifutio, akafuta mpaka karatasi ikatoboka.

Ijumaa, 15 Machi
Mkaguzi ameandika: "Darasa tulivu, mwalimu analimudu somo." Mkuu wa shule amelisoma mbele ya walimu wote. Nimekunywa chai ya pongezi, haikuwa na ladha.

Jumanne, 19 Machi
Darasa limetulia kweli. Nikiuliza, wanajibu. Nikieleza, wanaandika. Nimemaliza mada mbili kwa wiki moja. Wamempachika Binti Fundi jina jipya: Macho. Nimelisikia, nikajifanya ninafuta ubao.

Jumanne, 26 Machi
Jaribio la wiki. Swali la kwanza: je, balbu hula mkondo? Wote arobaini na wanne wameandika hapana. Nilitabasamu peke yangu mezani.

Swali la pili: balbu mbili za aina moja zimefuatana kwenye waya mmoja, ipi itawaka zaidi? Thelathini na tisa wameandika ya kwanza, kwa sababu "inakula kabla ya mwenzake."

Kumbe hawakuamini neno. Wamejifunza jibu ninalolipenda, wakaliweka mfukoni kama kitambulisho, wakitakiwa wanalionyesha.

Karatasi ya Binti Fundi ina sentensi moja kwa maswali yote mawili: "Jibu ni lile atakalosema mwalimu."

Jumatano, 27 Machi
Nimempa sifuri. Nimeandika kwa wino mwekundu, "Utovu wa adabu." Sikusita, na hilo ndilo linaloniogopesha sasa.

Jumapili, 7 Aprili
Mvua imepumzika tangu asubuhi. Mdogo wangu, ambaye ni msusi na tunaishi naye nyumba moja, amenisuka barazani. Nikiwa nimeinamisha kichwa magotini pake nilimwuliza sayansi ilimshinda wapi.

"Haikunishinda, dada. Iliniacha kituoni."

"Nani aliyekufundisha?"

Akacheka, akavuta nywele. "Wewe. Umesahau? Nilikuwa darasa la saba. Nilikuuliza kwa nini asubuhi komeo la mlango ni baridi kuliko mlango wenyewe, na vyote vimelala nyumba moja. Ukaniambia vina joto sawa. Nikasema si kweli, mimi nashika kwa mkono wangu. Ukaniambia mkono wangu ni wa kusukia tu."

"Mimi?"

"Wewe, dada yangu. Na mama alicheka mpaka akakaa chini."

Nikamwuliza kwa nini hakuwahi kuniambia. "Ningekuambia nini? Si kweli nasuka?" Akaendelea kusuka, na kuongelea mteja wake mmoja anayesinzia kitini. Hana kinyongo. Sina kumbukumbu yoyote ya siku hiyo, hata nikiitafuta kwa tochi. Nimebaki nikijiuliza ni wangapi, katika miaka kumi na minne, wanaoikumbuka siku ambayo mimi siikumbuki.

Jumanne, 16 Aprili
Fundi redio amekuja shuleni. Nilimkuta kwenye ukumbi wa nje wa ofisi ya walimu, mwavuli unachuruzika, mkono wa kulia umefungwa bendeji hadi kiwikoni. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee." Akaitika, akakataa kiti.

Nilijiandaa kwa ugomvi. Hakuja na ugomvi.

"Mwalimu wangu, samahani kwa kukupotezea muda. Nimekuja kuuliza kama shule inamjua daktari wa macho."

Nikamwambia pole kwa macho.

"Si yangu. Yangu yana mtoto wa jicho, nayajua, tumeshazoeana. Ni ya binti. Anasema mwalimu alimwambia hayaoni vizuri."

Nikaitazama bendeji yake. Akadhani sijamwelewa, akanieleza taratibu. Yeye sasa hivi hasomi tena namba ndogo za mita yake ya kupimia umeme. Kwa mwaka mzima binti yake, akitoka shule, ndiye anayemsomea: yeye anagusisha waya, mtoto anataja namba. Mwezi uliopita mtoto akaanza kusita. Anasoma, anasoma tena, anasema hana hakika. Halafu akakataa kabisa. "Akaniambia, 'Baba, macho yangu si ya kuaminika, mtafute mtu mwingine.' Nikasema ni utoto, nitasoma mwenyewe. Juzi nimefungua televisheni ya watu. Nikaona kwenye mita ishirini, kumbe ni mia mbili. Kile kidude kinachotunza umeme hata ukichomoa waya kilikuwa kimejaa. Kikanirusha, mkono ukachanwa na bati la kibanda."

"Mzee, macho yake ni mazima," nikasema.

"Una hakika?"

"Nina hakika."

"Sasa kwa nini anakataa?"

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Alikuwa mbele yangu, maji ya mwavuli yanamwingia viatuni, ananitazama kwa macho yale yenye ukungu, kwa heshima yote. Nikamwambia, "Nitaongea naye." Akanishukuru. Alinishukuru mara mbili.

Jumatano, 17 Aprili
Sikula jana. Asubuhi nilikwenda maabara kabla ya kengele, nikamwomba Mama Maabara amita namba nne. Aliitoa bila kuuliza, akaiweka juu ya meza.

"Hii ni mbovu," nikasema.

"Najua. Mwezi wa kumi niliokota kipande cha kioo chini ya meza yako."

"Mbona hukusema?"

Alikuwa anakausha mirija ya kioo, hakuacha. "Mimi mfua vitambaa na mtunza funguo. Wewe mwalimu wa fizikia. Ningesema, ungeaminiwa wewe au mimi?" Kisha akaongeza, kwa upole kuliko nilivyostahili, "Nilikuwa nasubiri useme mwenyewe."

Miaka sita nimefanya kazi na mama huyu na nilidhani anachojua ni mahali vitu vilipo.

Nimeijaza fomu. Nimeandika tarehe halisi, Oktoba, na sababu halisi. Mkuu wa shule aliisoma, akavua miwani, akaniuliza kwa nini ninajichongea. Nikamwambia kuna mtoto nimemchongea kabla.

Alhamisi, 18 Aprili
Nimewaambia. Nilikuwa nimeandaa maneno ya busara kuhusu makosa na elimu, nikayaacha mezani. Nilisema, "Tarehe kumi na nne mwezi uliopita mwenzenu alisoma nukta mbili sita. Amita ilikuwa imeandika nukta mbili sita. Alisoma sawasawa mara nne. Amita ni mbovu, niliiharibu mimi, na nilijua kwamba ni mbovu wakati namwambia afute. Nilimwaibisha kwa sababu niliogopa mkaguzi. Binti, naomba unisamehe. Nanyi mliocheka, mlicheka kwa sababu niliwachekesha, kwa hiyo hilo nalo ni langu. Ile sifuri nimeifuta."

Spika akadakia, "Kwa hiyo balbu inakula."

Darasa likalipuka. Waligonga mabenchi. Walikuwa sahihi tangu mwanzo, mwalimu mwenyewe amekiri! Nilipiga makofi, nikapaza sauti, wapi. Msamaha wangu ulikuwa umewarudishia kosa lao likiwa limevishwa taji. Ulimi uliniwasha kuwaambia hapana, nyamazeni, andikeni. Nilijikamata.

Binti Fundi hakugonga benchi. Alikuwa amekunja mikono, anaitazama amita namba nne.

Jumapili, 21 Aprili
Nimemwomba mdogo wangu msamaha kuhusu mkono wa kusukia. Akasema, "Kwanza nieleze kwa nini komeo ni baridi." Nikamweleza: joto ni lile lile, ila chuma kinanyonya joto la mkono haraka, mbao zinanyonya polepole, na ngozi haipimi joto la kitu, inahisi kasi ya kunyonywa. Alikwenda akashika komeo, akashika mlango, akarudia. "Inaudhi," akasema. "Mkono unaniambia hivi, wewe unaniambia vile." Nikamwambia mkono wake hausemi uongo, unajibu swali jingine. Akasema msamaha ameupokea, lakini vyombo vya leo ni zamu yangu.

Jumanne, 23 Aprili
Sikufundisha. Mama Maabara alitandaza amita zote kumi na mbili mezani, na namba nne katikati yao. Nikasema: tuna madai mawili. Moja, balbu imekula. Mbili, amita ilisoma pungufu. Sitawaambia lipi ni kweli. Tafuteni njia ya kuyatenganisha.

Nusu saa ya fujo. Spika alipendekeza kura. Wengine walipima mara kumi kwa mpangilio ule ule, wakashangaa kupata namba zile zile. Kijana mmoja aliweka kalamu chini akasema fizikia ni kiburi tu, akainamisha kichwa. Nilimwendea, si kumkaripia. Nikakaa kwenye benchi lake, nikamwuliza ni wapi hasa panapomuudhi. Hakujua. Nikamwambia atafute tu mahali panapouma, jibu liache kwanza.

Binti Fundi alifanya kazi peke yake. Aliichomoa namba nne pale baada ya balbu, akaipeleka kabla ya balbu, na ile nzima akaileta nyuma. Akasoma. Akarudisha, akasoma. Akabadilisha tena. Nilijizuia kusogea.

"Upungufu unahama," alisema hatimaye, akimwambia Mama Maabara, si mimi. "Namba nne ikiwa mbele, pungufu iko mbele. Ikiwa nyuma, iko nyuma. Si balbu. Ni yenyewe."

Watu wakamzunguka. Walipomaliza kuhakikisha, alikuwa analia, na si kwa furaha. Alinigeukia kwa mara ya kwanza tangu Machi.

"Kwa hiyo nilikuwa sahihi na bado nilikuwa nimekosea."

"Ndiyo," nikasema. "Vyote viwili."

"Inaudhi, mwalimu."

"Inaudhi sana. Mimi ilinichukua miaka miwili kuikubali. Baadaye nikasahau kwamba iliniudhi, nikaanza kuwakasirikia walioudhika."

Akafuta uso kwa mkono wa shati. "Bado hujaniambia betri ikiisha kinaisha nini."

"Sijakuambia. Na leo nikikuambia utaniamini kwa adabu tu."

Jumanne, 30 Aprili
Mvua kubwa kuliko zote. Sauti yangu haikufika hata benchi la kwanza. Nilikuwa nimekuja na kamba ndefu niliyoifunga ncha kwa ncha ikawa duara. Niliwasimamisha wote ukutani kuzunguka maabara, kila mmoja kamba imepita viganjani, ameishika kwa kulegeza. Spika nikamwonyesha kwa ishara avute, mkono baada ya mkono, bila kuacha. Yeye betri. Binti Fundi nikamwonyesha abane. Yeye balbu.

Kamba ikazunguka. Alipobana, ilipunguza mwendo viganjani mwa kila mtu kwa wakati mmoja, waliokuwa kabla yake na waliokuwa baada yake. Niliwaona wakitazamana. Spika alianza kuhema. Binti Fundi akaachia ghafla, akatazama viganja vyake: vimekuwa vyekundu, vya moto. Akatazama kamba. Urefu ule ule. Akamtazama Spika anayetweta kama mbuzi wa kafara.

Nikaona midomo yake, kwa kuwa kusikia hakukuwepo. "Anayeisha ni yeye."

Mvua ilipopungua walikuwa wote wanasema kwa pamoja. Kamba haipungui, nguvu za mvutaji ndizo zinazopungua, na zinatokea kama moto kwenye mkono wa anayebana. Mkondo hauliwi, kinacholiwa ni nishati. Mmoja akauliza, na watu wawili wakibana? Wakajaribu kabla sijajibu. Balbu mbili, viganja viwili vya moto sawa. Wapo watano ambao hawajakubali bado, wameniambia waziwazi. Nimewashukuru.

Jumatano, 8 Mei
Nimepewa barua ya onyo, imeingia kwenye faili. Mama Maabara ameniuliza kama inauma. Nikamwambia maneno ya fundi yanauma zaidi, maana nilimwendea kibandani Jumamosi nikamweleza yote, na alichosema ni, "Ahsante kwa kuniambia, mwalimu." Bendeji ilikuwa bado mkononi. Angenitukana ningelala.

Alhamisi, 16 Mei
Fomu za kuchagua masomo. Zinahitaji sahihi ya mwalimu wa somo. Binti Fundi alileta yake wakati wa mapumziko, akaiweka juu ya meza kwa mikono miwili. Amechagua sayansi. Moyo ukaniruka, nikashika kalamu, ndipo nikaona mstari wa chini. Ameomba kuhamia mkondo B, anakofundisha mwalimu mwingine.

"Umefikiri vizuri?" nikamwuliza.

"Ndiyo, mwalimu. Kamba niliielewa. Amita niliielewa. Lakini nikisoma kitu mbele yako huwa natazama kwanza uso wako."

Nilitaka kumwambia kwamba uso huu umebadilika, kwamba ampe mwalimu wake muhula mmoja tu. Ningeweza hata kumwekea ugumu, utaratibu unaniruhusu. Nikatia sahihi. Nikaandika pembeni, "Mpimaji makini sana." Alisoma nilichoandika, akasema ahsante, akatoka. Mlango aliufunga polepole.

Jumamosi, 1 Juni
Shule imefungwa jana. Mvua zimeisha, njia ya sokoni ina vumbi tayari. Nimempelekea fundi pasi yangu; ningeweza kuipeleka kwa fundi mwingine wa karibu, sikutaka kukwepa.

Wote wawili walikuwepo. Mkono wa fundi umepona, umebaki na kovu refu la rangi ya waridi. Aliifungua pasi, akashika ncha mbili za waya za mita. Binti alikuwa ameketi kwenye kigoda na mita mapajani. Aliniamkia vizuri, bila baridi.

"Haya, mama, ngapi?" akauliza fundi.

"Arobaini na nane." Kisha akaniona nimesimama pale mlangoni, akainama tena. "Arobaini na nane," alirudia.

"Ya kwanza ilitosha, mwanangu."

"Najua, baba."

Nikasema ninatoka kidogo kununua chumvi. Sikwenda mbali. Nilisimama nyuma ya ukuta wa bati wa kibanda, mahali wasiponiona, kati ya mwuza ndoo na mshona viatu. Nikamsikia fundi akigusisha waya mahali pengine, akiuliza ngapi.

Mtoto akataja namba, mara moja tu. Fundi akaendelea na kazi.